Hydra: Siku Moja Bila Gari

Mimi na mume wangu tuligombana kwa sababu ya tiketi ya boti. Tulikuwa Athens, Ugiriki, tumebakiza siku mbili, nikataka twende Hydra, kisiwa ambacho watu hawaruhusiwi kuendesha magari. Mizigo hubebwa na punda.

"Twende tu, tutajua hukohuko," akasema.

Thubutu! Boti za Hydra huondokea Piraeus, bandari unayoifikia kwa metro kutoka Athens, na safari ni kama saa moja na nusu hadi mbili. Julai na Agosti watu ni wengi, tiketi huisha. Kwa hiyo anza na boti ya kurudi, ndipo uchague ya kwenda. Na usiende siku ya kuamkia ndege ya kurudi nyumbani; upepo ukizidi, boti hazitoki.

Tulifika bado tumenuniana. Nami, kwa kujipenda, nilivaa viatu vya kisigino. Kumbe kule njia ni mawe na ngazi. Mume wangu akafungua begi lake, akatoa raba zangu. Alizibeba kimyakimya tangu hotelini! Hasira kwisha.

Tukatembea kando ya bahari hadi Kamini, mwendo wa robo saa, sisi tukatumia saa nzima kwa maongezi. Nyumbani huwa tunaongea kwenye foleni, yeye macho barabarani, mimi kwenye simu.

Boti ya kurudi tuliiwahi. Mpenzi msomaji, tiketi panga wewe, lakini mwachie na mwenzako la kupanga.