Mhusika Si Mwigizaji: Funzo Kutoka kwa Mzee Ojwang'

Swali la sifa za wahusika katika tamthilia huwaponza wengi. Aghalabu watahiniwa huorodhesha sifa tu, wakasahau kuwa tamthilia huandikwa ili iigizwe. Tulifafanue jambo hili kwa kutumia maisha ya mwigizaji mmoja.

Benson Wanjau alifariki Julai 12, 2015, akiwa na umri wa miaka 78. Ni wachache waliomjua kwa jina hilo. Kwa miaka mingi watazamaji wa Sauti ya Kenya, iliyogeuzwa kuwa KBC mwaka 1989, walimjua kama Mzee Ojwang' Hatari wa kipindi cha Vitimbi, mumewe Mama Kayai, mhusika aliyeigizwa na Mary Khavere.

Wanjau alikuwa Mkikuyu. Ojwang' ni jina la Kijaluo, na lafudhi aliyoitumia ni ya Kijaluo. Watazamaji wengi waliamini kuwa ni Mjaluo halisi. Hapo ndipo tofauti ilipo: mwigizaji ni mtu, mhusika ni kiumbe cha sanaa. Ojwang' alijengwa kwa maleba (kumbuka ile miwani mikubwa), kwa lafudhi na kwa ishara za mwili.

Mwanafunzi wa Kericho au Bomet anaelewa lafudhi upesi. Katika kambi za mashamba ya chai, Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo na Waluhya wamechuma chai pamoja kwa vizazi, kila mmoja na Kiswahili chake. Lakini baadhi ya majirani hao walifurushwa katika ghasia za 2007 na 2008. Kwa hiyo, mwalimu, darasa linapoigiza, uliza: tunamcheka mhusika kwa vituko vyake au kwa kabila lake? Ojwang' alichekesha kwa vituko. Alipougua macho uzeeni, Wakenya wa makabila mbalimbali walimchangia pesa za matibabu.

Kidokezo: Unapojadili mhusika, taja anayosema, anayotenda, wanayosema wengine kumhusu, na maelekezo ya jukwaani. Kisha toa mfano kwa kila sifa. Hoja bila mfano haikamiliki.

Zoezi: Chagua mhusika mmoja katika tamthilia uliyosoma. Eleza jinsi maleba, lafudhi na ishara zingemsaidia mwigizaji kudhihirisha sifa zake tatu.