Wimbo wa Krismasi kwa Klarineti: Vidole Vinane Vyatosha



Kikundi kimoja nilichotembelea hapa Marani kina klarineti, ile filimbi ndefu nyeusi yenye vibonyezo vya chuma. Nilikuta imelala sandukuni miaka mitatu. Kwa nini? Aliyejua kuipuliza alikuwa kijana mmoja tu. Alipoenda Nairobi kutafuta kazi, ujuzi nao ukapanda matatu pamoja naye. Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa hii tuiuze?"

Hapana, msiuze. Wimbo mmoja mnaweza kujifunza wenyewe, mradi muwe mnaujua kwa kuuimba. Chukueni ule wa Krismasi ambao Waingereza huuita Joy to the World. Maneno yake yalitungwa na Isaac Watts, akayachapisha mwaka 1719. Mwanzo wake ni kama mtu anayeshuka ngazi: do ya juu, ti, la, so, fa, mi, re, mpaka do ya chini. Na sauti zote za wimbo huo zimo ndani ya hizo nane. Obokano ya wazee wetu ina nyuzi nane. Wimbo huu nao una sauti nane. Si mzigo mkubwa.

1. Pata sauti kwanza
Sauti hutoka kwenye ulimi, yaani kile kipande chembamba cha tete kinachofungwa chini ya sehemu ya mdomoni. Wanaoanza watumie ulimi laini, namba 2 au 2 na nusu. Ulowe kwa mate kama dakika moja. Mdomo wa chini ufunike meno ya chini, meno ya juu yakae juu ya chombo, kisha puliza bila kufura mashavu. Ikilia kama kuku aliyekanyagwa, usife moyo. Mara nyingi ni kwamba umeuma sana, ulimi umekauka, au kidole hakijaziba tundu vizuri.

2. Ongeza kidole kimoja kimoja
Mkono wa kushoto hukaa juu. Gumba lake likiziba tundu la nyuma peke yake, hiyo ni do ya juu. Lisiguse kibonyezo kilicho juu ya tundu hilo, maana sauti itaruka. Ongeza kidole cha shahada, ni ti. Cha kati, la. Cha pete, so. Sasa njoo mkono wa kulia: shahada, ni fa, cha kati, mi, cha pete, re. Mwisho kidole kidogo cha kulia kibonyeze kibonyezo kimoja, upate do ya chini. Vibonyezo hapo ni vinne. Jaribu kimoja kimoja mpaka sikio likubali. Mnaona? Ukishavihesabu vidole vinane, umeshapiga mstari wa kwanza.

3. Imba ndipo upulize
Gaweni wimbo vipande vidogo. Imbeni kipande kwa do-re-mi, sogezeni vidole bila kupuliza, kisha pulizeni. Pagumu ni pale sauti inaporuka kutoka do ya chini hadi ya juu: vidole saba huinuka pamoja, gumba la kushoto linabaki. Rudieni hapo polepole. Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Anzeni Oktoba, msingoje Majilio.

4. Kupatana na kinanda
Klarineti ya kawaida ni ya B flati. Kwa vidole hivi, do yenu italingana na E flati ya kinanda. Mwambieni mpiga kinanda mapema, msije mkagombana mbele ya watu.

5. Usafi na utunzaji
Kila mtu awe na ulimi wake. Sehemu ya mdomoni ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kumpa mwenzako, kwa sababu mafua na magonjwa mengine hupitia mate. Maji moto sana huiharibu. Mkimaliza, pangusa ndani kwa kitambaa kikavu, na msiache chombo juani. Cha mbao hupasuka.

Lakini jambo kubwa ni hili: wafundisheni watu watatu, si mmoja. Andikeni hivyo vidole vinane kwenye karatasi, mbandike ndani ya kifuniko cha sanduku. Ndivyo ilivyo pia kwa mweka hazina na kwa anayejua kutengeneza pampu ya maji. Ujuzi wa mtu mmoja ni mkopo tu. Siku yoyote mwenyewe ataondoka nao.

Maswali ya kujadili katika kikundi
- Ni kazi gani katika kikundi chetu inajulikana na mtu mmoja tu?
- Nani atajifunza kutoka kwake, na kuanzia lini?
- Tuna chombo gani kilicholala sandukuni?