Programu za kompyuta: Majaribio yaliyorukwa hayaonekani kwenye ripoti

Mwenye duka anayenunua programu ya kompyuta ya kutoa risiti na kutunza hesabu za bohari huuliza mambo mawili: bei yake, na nani ataitengeneza ikiharibika. Swali la tatu ni wachache wanaolifikiria, ingawa ndilo lenye fedha nyingi zaidi ndani yake. Programu inapofanyiwa marekebisho, ni majaribio gani hufanyika kabla ya kurudishwa dukani, na nani huyachagua?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Mtu alikaa mbele ya kompyuta, akauza bidhaa za uongo na kweli, akatazama risiti, akasema iko sawa. Siku hizi kompyuta hujijaribu yenyewe. Mtengenezaji huandika majaribio, kila moja likiwa na swali na jibu linalotarajiwa. Kisha huandika skripti, yaani faili lenye amri ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine: andaa kumbukumbu za mfano, endesha majaribio, hesabu yaliyofaulu na yaliyoshindwa, toa ripoti. Mwishoni skripti hutoa namba. Kwa desturi, 0 maana yake mambo ni shwari. Namba nyingine yoyote ni dalili ya tatizo, na mtambo unaopeleka programu kwa wateja unapaswa kusimama hapo hapo.

Hadi hapo ni faida tupu. Gharama huanza majaribio yanapoongezeka. Programu kubwa huwa na maelfu ya majaribio, na kuyaendesha yote huweza kuchukua saa nyingi. Muda wa mashine hulipiwa, na mtengenezaji anayesubiri jibu analipwa mshahara akiwa amekaa. Ndipo skripti inapopewa kazi ya kuchagua. Huweza kuchagua kwa jina la jaribio, kwa lebo lililobandikwa, kwa kuanza na yale yaliyoshindwa mara ya mwisho, au kwa kutazama faili zilizoguswa na marekebisho. Chombo kiitwacho pytest, kinachotumiwa na watu wa lugha ya Python, hufanya hayo matatu ya kwanza kwa maneno machache tu yanayoongezwa kwenye amri.

Uchaguzi wa namna hii si uzembe. Mwaka 2018 kampuni ya Facebook ilieleza hadharani jinsi kompyuta zake zinavyojifunza kutokana na marekebisho ya nyuma ili kukisia ni majaribio gani yana uwezekano wa kushindwa. Ilisema kwamba kwa kuendesha theluthi moja tu ya majaribio yanayotegemea sehemu iliyobadilishwa, ilinasa zaidi ya asilimia 99.9 ya marekebisho yenye kasoro. Huo ni ubanaji matumizi wa maana. Lakini Facebook ilikuwa na kumbukumbu nyingi sana za kujifunzia. Vijana watatu wenye ofisi ghorofani Kariakoo hawana kumbukumbu hizo. Wao huchagua kwa kichwa, na mara nyingi kwa haraka ya mteja anayepiga simu.

Tuchukue mfano. Julai 2009 kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 18. Kwa mtunga programu, hayo ni mabadiliko ya tarakimu moja. Anabadili, anaiambia skripti iendeshe majaribio yenye neno "risiti" katika majina yake, yote yanafaulu, naye anafunga kazi. Bidhaa ya Sh. 100,000 iliyouzwa Sh. 120,000 mwezi Juni sasa inatoka kwa Sh. 118,000, sawa kabisa. Anakuja mteja mwenye risiti ya Juni, anarudisha bidhaa mbovu. Programu inamhesabia kwa kiwango kipya na kumrudishia Sh. 118,000. Mteja anadai Sh. 2,000 zake, na hesabu za kodi za mwenye duka hazilingani tena. Jaribio la bidhaa zilizorudishwa lilikuwepo. Lilikuwa na jina jingine tu, kwa hiyo skripti haikuligusa, na ripoti haikulitaja.

Sh. 2,000 ni fedha ndogo. Wenye hisa wa kampuni ya Knight Capital ya Marekani walipata somo la bei kubwa zaidi.

Knight ilikuwa dalali mkubwa wa hisa, na kompyuta zake ndizo zilizopeleka oda sokoni. Ndani ya programu yake mlikuwa na kipande cha zamani kilichoitwa Power Peg, ambacho kampuni iliacha kukitumia mwaka 2003 lakini haikukifuta. Mwaka 2005 watengenezaji walihamisha sehemu iliyokuwa ikihesabu hisa zilizokwisha kununuliwa, ambayo ndiyo iliyokiambia kipande hicho kiache. Baada ya kuihamisha hawakukijaribu tena Power Peg. Kwa nini wajaribu kitu kisichotumika? Hesabu ya namna hiyo huonekana ya busara kwa mtu yeyote mwenye haraka.

Miaka saba baadaye Knight iliandaa programu mpya kwa ajili ya mpango wa Soko la Hisa la New York uliokuwa ukianza Agosti 1, 2012. Programu hiyo ilitumia alama ile ile iliyokuwa ikiamsha Power Peg. Ilipaswa kuwekwa kwenye seva nane. Fundi aliiweka kwenye saba, na hapakuwa na mtu wa pili aliyehakiki. Soko lilipofunguliwa, seva ya nane iliamsha kipande cha zamani, nacho kikapeleka oda bila kujua pa kuishia. Oda 212 za wateja zilizaa mauzo na manunuzi zaidi ya milioni 4, katika hisa za makampuni 154, kwa muda wa dakika kama 45. Mafundi, wakidhani kosa liko kwenye programu mpya, waliiondoa kwenye zile seva saba zilizokuwa salama, na moto ukaongezeka.

Hasara ilizidi Dola milioni 460. Hisa ya Knight iliyofunga Dola 10.33 Julai 31 ilifunga Dola 2.58 Agosti 2. Siku chache baadaye wawekezaji wapya walileta Dola milioni 400 kwa masharti ya kuzigeuza kuwa hisa kwa Dola 1.50 kila moja, na mwenye hisa wa zamani akabaki na kipande chembamba cha kampuni aliyodhani anaijua. Oktoba 2013 Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani iliitoza kampuni hiyo faini ya Dola milioni 12.

Kwa haki, kosa la seva ya nane lilikuwa la upelekaji, na majaribio peke yake yasingelizuia. Lakini jaribio moja la mwaka 2005 lingeonyesha kwamba Power Peg imepoteza breki, na huenda kingefutwa siku hiyo hiyo.

Benki ya TSB ya Uingereza nayo ilihamisha hesabu za wateja wake kwenye mtambo mpya Aprili 2018. Uchunguzi ulikuja kubaini kwamba majaribio ya uwezo yalifanywa kwenye kituo kimoja cha kompyuta, ilhali benki ingetumia viwili. Wateja wengi walifungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 wasimamizi waliitoza benki faini ya Pauni milioni 48.65.

Tunaandika haya kwa sababu nasi tumo. Soko la Hisa la Nairobi liliacha kunadi kwa sauti na kuingia kwenye kompyuta mwaka 2006, na mwenye duka hahitaji tena kwenda benki kuhamisha fedha.

Mnunuzi wa programu asitosheke na karatasi iliyoandikwa "hakuna lililoshindwa". Skripti iliyoandikiwa jina la kundi kwa makosa inaweza isikute jaribio hata moja. Hapo hakuna lililoshindwa kwa sababu hakuna lililoendeshwa. pytest hutoa namba 5 badala ya 0 hali hiyo inapotokea, lakini si kila chombo kina tahadhari hiyo, na si kila skripti huitazama namba hiyo. Mkaguzi wa hesabu ambaye hakufungua leja naye anaweza kuandika kwamba hakuona kasoro.

Omba tarakimu tatu: yaliyofaulu, yaliyoshindwa na yaliyorukwa. Linganisha na za mwezi uliopita; jumla ikipungua, uliza yamekwenda wapi. Uliza pia ni lini majaribio yote, bila kuchagua, yaliendeshwa mara ya mwisho. Mafundi makini huyaendesha usiku, mashine zikiwa hazina kazi, na asubuhi ripoti iko mezani. Swali hilo liandikwe kwenye mkataba, kabla ya malipo ya mwisho kutoka.