LFO: Mkono Usiosikika Unaotikisa Sauti

Wanachuo wengi siku hizi tunatengeneza biti kwenye laptop, na kilio chetu ni kilekile: unabonyeza noti ya sinthesaiza, inalia, lakini imekufa. Inalia sawasawa mwanzo hadi mwisho, kama simu ya mezani iliyokatika.

Linganisha na litungu, ala ya nyuzi nane ya Wakurya, ambayo watu wa Tarime na sisi wa Morotonga tumekua tukiisikia. Vidole vya mpigaji havigusi uzi mara mbili kwa namna ileile. Mlio unaanza na nguvu, unafifia, mwingine unaupokea. Sinthesaiza haina vidole, kwa hiyo ilibidi itafutiwe mkono. Mkono huo ndio LFO.

LFO ni osileta ya masafa ya chini, yaani inatoa wimbi la polepole sana. Sikio la binadamu husikia takriban mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. LFO kwa kawaida iko chini ya 20, kwa hiyo yenyewe huisikii. Kazi yake ni kushika kitufe cha kitu kingine na kukizungusha huku na huku bila kuchoka. Kwenye Minimoog ya mwaka 1970, osileta ya tatu iliweza kuteremshwa chini ili ifanye kazi hiyohiyo.

Sasa inashika kitufe gani? Hapo ndipo utamu ulipo. Ikishika kimo cha noti, sauti inatetemeka kama ya mwimbaji anayeshikilia neno la mwisho. Jaribu mitetemo 5 au 6 kwa sekunde. Ikishika ukubwa wa sauti, mlio unapanda na kushuka. Ikishika filta, ule mchujo unaokata sauti nyembamba za juu, sauti inafunguka na kufumba: wau, wau, wau.

Umbo la wimbi nalo lina neno. Wimbi laini linakwenda kama bembea. La mraba linaruka ghafla kama mtu anayechezea swichi ya taa. La meno ya msumeno linapanda taratibu kisha linaanguka mara moja.

Wengi tunakwama kwenye kasi. Tunanakili vipimo kutoka video za watu wa nje, halafu tunashangaa mbona kwetu havikubali. Piga hesabu. Wimbo wa mapigo 90 kwa dakika una pigo 1.5 kwa sekunde. Ukiiambia LFO izunguke mara 8 kwa kila pigo, unapata 12 kwa sekunde, na huo bado ni mtetemo. Chukua sasa singeli ya Dar es Salaam, inayovuka mapigo 200 kwa dakika bila wasiwasi. Kwenye 240 una mapigo 4 kwa sekunde. Mara 8 ni 32! Umeshavuka mstari wa 20. Sikio linaacha kusikia mtikisiko, linaanza kusikia rangi nyingine ya sauti, yenye mikwaruzo. Kama ndicho unachotaka, safi. Kama sicho, shusha hadi mara 2 au 4, utabaki kwenye 8 au 16.

Huhitaji mtaji. Programu ya Vital ina toleo la bure. Fungua sauti moja, unganisha LFO moja kwenye filta, weka kina kidogo, sikiliza, kisha ongeza polepole. Ukiweka LFO tano kwa mpigo hutajua ipi imeharibu kazi.

Na siku ukirekodi litungu la mzee fulani ukaliingiza kwenye biti, usikimbilie kulitetemesha. Lile lina mkono wake tayari. Tetemesha sinthesaiza iliyo chini yake, lenyewe liache lisikike.