Kupima Gharama za Maisha za Mwanafunzi wa Chuo

Kila unapowadia mwaka mpya wa masomo, wazee wenye watoto vyuoni, wakuu wa vyuo na maofisa wa mikopo hurejea kwenye suala lile lile: mwanafunzi anahitaji fedha kiasi gani ili aishi na asome bila ya kulala na njaa? Barazani kila mtu ana jawabu yake, lakini jawabu ya barazani haiwezi kuingizwa katika bajeti ya Serikali wala katika mkataba wa mkopo. Panahitajika kipimo. Makala hii inakusudia kuwaeleza wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla namna kipimo hicho kinavyofanywa, na kwa nini takwimu za kawaida za mfumko wa bei, pamoja na faida zake zote, hazimtoshi mwanafunzi.

Takwimu za mfumko wa bei zinazotolewa kila mwezi na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali zinatokana na Fahirisi ya Bei za Mlaji. Msingi wake ni kapu la bidhaa na huduma ambalo halibadilishwi kwa muda. Kinachofuatwa ni bei ya kapu hilo hilo, mwezi baada ya mwezi. Njia hii ina asili ya kanuni aliyoieleza mtaalamu wa Kijerumani, Étienne Laspeyres, mwaka 1871. Kila kitu ndani ya kapu hupewa uzito kwa mujibu wa fedha ambazo watu huzitumia juu yake, na uzito huo hupatikana kwa kuzichunguza kaya. Hapa Zanzibar uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya ulifanywa miaka ya 2004/05, 2009/10, 2014/15 na 2019/20.

Neno la kuzingatiwa hapo ni "kaya". Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Dahalia ya chuo si kaya, na kwa hiyo mwanafunzi anayelala dahalia hamo katika hesabu hiyo. Wanafunzi wanne waliokodi chumba mjini wanaweza kuhesabiwa kuwa kaya, lakini kaya za namna yao ni chache mno kuweza kuonekana ndani ya wastani wa nchi nzima. Kapu linalopimwa kila mwezi, basi, ni la mzee mwenye nyumba yake, mke na watoto.

Tofauti hiyo ina uzito gani? Tuchukue mfano, na msomaji afahamu kuwa tarakimu hizi ni za kufundishia tu, hazikutokana na uchunguzi wowote. Tuseme katika kila shilingi 100, familia hutumia 45 kwa chakula, 5 kwa kodi ya nyumba, 10 kwa usafiri na 40 kwa mengineyo. Mwanafunzi naye hutumia 45 kwa chakula, 25 kwa kodi, 15 kwa usafiri na 15 kwa mengineyo. Ikiwa katika mwaka mmoja chakula kimepanda kwa asilimia 8, kodi kwa asilimia 20, usafiri kwa asilimia 10 na mengineyo kwa asilimia 2, gharama za familia zitapanda kwa asilimia 6.4, na za mwanafunzi kwa asilimia 10.4. Soko ni moja na bei ni zile zile. Hata hivyo, posho ikipandishwa kwa kufuata kapu la familia, mwanafunzi atapungukiwa na shilingi nne katika kila mia, na upungufu huo utajikusanya mwaka hadi mwaka mpaka atakapohitimu.

Kwa hiyo hatua ya mwanzo ni kumtengenezea mwanafunzi kapu lake: mchele, unga, maharage, samaki, chai na mkate, chakula cha kupika na kile kinachonunuliwa kwa mama lishe, kodi ya chumba au ada ya dahalia, nauli, sabuni, mkaa au gesi, vifurushi vya intaneti, kutoa nakala na kuchapisha kazi za masomo. Ada ya masomo huwekwa mbali, kwani hiyo ina bei inayojulikana na aghalabu hulipwa kwa utaratibu wake.

Kuzikusanya bei nako kuna mambo yake. Vitu vingi katika masoko yetu huuzwa kwa fungu. Fungu la muhogo au la dagaa linaweza kubakia kwenye bei moja kwa miezi mitatu, ilhali fungu lenyewe linazidi kuwa dogo. Mkusanyaji wa bei anayeandika bei peke yake ataripoti kuwa hakuna mabadiliko. Inavyotakiwa ni kulinunua fungu, kulitia mizanini na kuandika bei kwa kilo. Sahani ya wali kwa maharage iko hivyo hivyo: mwenye kuuza hupunguza upawa kabla ya kupandisha bei, na mwanafunzi hulijua hilo mapema kuliko takwimu.

Mahali pia pana hukumu yake. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi Tunguu, Vuga, Beit el Ras na kwengineko, pamoja na Mchangamdogo kisiwani Pemba. Mwanafunzi wa Vuga yuko kitovuni mwa Mji na anaweza kwenda Darajani kwa miguu. Mwenziwe wa Tunguu, ikiwa hakupata pa kukaa jirani, hupanda daladala kwenda na kurudi kila siku ya masomo. Kiwango kimoja kwa wote kina wepesi katika uendeshaji, na wepesi huo si jambo la kudharauliwa. Lakini kiwango kimoja hakigeuki kuwa gharama moja. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar iliundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2011. Kwa upande wa Bodi ya Muungano, fedha za chakula na malazi zilipandishwa katika mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kiwango cha siku ni rahisi kukifahamu, ila mwenye nyumba hapokei kodi ya siku.

Hapo ndipo tunapofika kwenye wakati wa malipo. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mwezi huo huo wa mwanzo mwanafunzi hununua godoro, ndoo na jiko, na anayetoka Pemba kuja Unguja hulipa nauli ya boti na ya mizigo. Godoro litamchukua miaka mitatu, hivyo kitaalamu bei yake hugawanywa kwa muda wa matumizi. Kodi nayo hugawanywa kwa miezi. Baada ya kugawanya, wastani wa mwezi huonekana wa kuchukulika. Ila mwanafunzi halipi wastani. Kipimo kizuri huonesha mambo mawili kwa pamoja: jumla ya mwaka, na ukubwa wa malipo ya mwanzo. Kadhalika mwezi wa Ramadhani unataka kuangaliwa peke yake, kwa sababu muhogo, ndizi, majimbi na nazi hupanda bei, na mtindo mzima wa kula hubadilika.

Baada ya hayo kuna tatizo kubwa zaidi, ambalo wapangaji wa posho hulisahau mara nyingi. Njia ya kawaida ya kujua gharama za mwanafunzi ni kumwuliza ametumia kiasi gani, au kumpa daftari aandike matumizi yake kila siku. Mwanafunzi ambaye fedha zake zimechelewa, akaacha kula mchana kwa wiki mbili, ataandika matumizi madogo. Daftari lake likijumlishwa na ya wenzake, itaonekana kuwa maisha ya chuoni ni rahisi, na posho itakayopangwa kwa hesabu hiyo itamlazimisha aendelee kuacha chakula cha mchana. Uchunguzi wa namna hiyo umepima alichokuwa nacho mfukoni, haukupima mahitaji yake.

Kwa sababu hiyo kuna njia ya pili, ya kuorodhesha kwanza mahitaji na kisha kuyatafutia bei. Nchini Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough waliwakalisha wanafunzi wenyewe wakubaliane nini kinahitajika kwa maisha ya kiwango cha chini kinachokubalika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionesha pauni 18,632 kwa mwaka nje ya London na pauni 21,774 ndani ya London. Njia hii nayo ina lawama zake, maana anayeorodhesha anaweza kuongeza asichokihitaji. Kwa maoni ya mwandishi, njia zote mbili zifanywe pamoja, na tofauti baina ya majibu yake ndiyo itazamwe kwa makini, kwani inaonesha wanafunzi wanajinyima nini.

Wako pia wanaokaa kwa mjomba au kwa shangazi. Hawa hawalipi kodi, na wengi huambiwa hawana gharama. Lakini wali wanaokula umenunuliwa na mtu, na mchele uliotoka shamba Pemba kwa gunia ungeweza kuuzwa. Kitaalamu chakula cha namna hiyo hutiwa bei ya soko na kuhesabiwa. Marekani, ambako kila chuo hutakiwa kukadiria gharama za kuhudhuria masomo, marekebisho ya sheria yaliyopitishwa mwaka 2020 na kuanza kutumika katika mwaka wa masomo 2023/24 yanakataza kumwekea sifuri mwanafunzi anayekaa kwa wazee wake. Huko huko, utafiti wa Robert Kelchen, Sara Goldrick-Rab na Braden Hosch uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kuwa karibu nusu ya vyuo vilikadiria gharama za kuishi kwa tofauti ya asilimia 20 au zaidi, juu au chini ya makadirio ya eneo vilipo.

Kosa la juu si afadhali kuliko la chini. Fedha za mkopo zitalipwa na mwanafunzi mwenyewe atakapoajiriwa, na kila shilingi iliyozidishwa kwenye makadirio itakatwa katika mshahara wake.

Kwa hivyo mdadisi wa takwimu anapofika dahalia, kwenye chumba cha kukodi au nyumbani anakokaa mwanafunzi, aoneshwe stakabadhi ya kodi ikiwepo, na atajiwe chakula kilichotoka nyumbani kwa kipimo chake, pishi au kilo. Aambiwe pia ni milo mingapi iliyoachwa katika wiki iliyopita. Wenye nyumba nao wataje kodi wanayoipokea hasa. Habari za mtu mmoja mmoja hufanywa siri kwa mujibu wa sheria, na hazipelekwi kwa bodi ya mikopo wala kwa mkusanya kodi.