Nani anahesabu dakika za straika wa miaka 15?

UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikikaribia, kijana mwenye kasi wa sekondari moja ya Dodoma hana pa kupumzikia. Asubuhi mazoezi ya shule, jioni akademi, Jumamosi timu ya mtaani inamwazima kwenye ndondo, Jumapili bonanza. Akichaguliwa timu ya wilaya, kisha mkoa, mechi zinafuatana karibu kila siku, na wapinzani wengine ni vijeba wenye miili ya watu wazima. Kila kocha humwona saa chache tu na kuamini hajamchosha. Jumla haipo kwenye daftari la mtu yeyote.

Mfupa wa umri huo hurefuka kutoka kwenye tabaka la gegedu lililo karibu na ncha zake, nalo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Kijana anaporefuka kwa kasi, urefu hutangulia na madini yanayoukaza mfupa hufuata nyuma. Uvimbe unaouma chini kidogo ya goti, ambao daktari huuandika Osgood-Schlatter, hutokana na msuli wa paja kuvuta sehemu isiyokomaa kwa kila shuti na kila mruko.

Kuna jambo jingine la taratibu zaidi. Mbio huuchakaza mfupa kidogo kidogo, na mwili huukarabati: seli huchimba kwanza sehemu iliyochoka, kisha hujaza mfupa mpya. Kuchimba huchukua wiki chache, kujaza huchukua miezi. Anayerudishwa uwanjani katikati ya kazi hiyo anakimbia kwa mfupa wenye mashimo, na ufa huanzia hapo. Ukarabati wenyewe unataka chakula na usingizi. Katika nyanda hizi za mvua ya msimu mmoja, miezi ya kabla ya mavuno ndiyo ghala huwa tupu. Ndoo ya maji na mwendo wa kwenda shule nazo ni kazi, ingawa hakuna kocha anayeziandika.

Wamarekani wamelijadili suala hili la mzigo wa mchezaji kwa muda mrefu, kwa sababu mpira wao una mchezaji ambaye kazi yake ni kukabidhiwa mpira na kukimbia nao hadi aangushwe, na kila mara huhesabiwa. Terrell Davis wa Denver alikabidhiwa mpira mara 392 msimu wa 1998. Mwaka uliofuata, katika mechi ya nne, aliumia goti vibaya, na mwaka 2002 akastaafu kabla ya kutimiza miaka 30. Kwetu anajulikana zaidi mwanasoka Pedri: akiwa na miaka 18 alicheza mechi 73 msimu wa 2020/21, kisha paja likamsumbua msimu uliofuata.

Mifano hii inavutia kuliko inavyothibitisha. Mtu hupewa mpira mara 392 kwa sababu yuko kileleni na hajaumia. Kutoka kileleni, kushuka ni kawaida hata bila uchovu. Wala kung'ara mapema si ugonjwa. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 akiwa na miaka 20, na mwaka 1980 akachukua medali ya fedha ya Olimpiki Moscow.

Hata hivyo riadha imeweka mpaka: wenye umri wa chini ya miaka 20 hawaruhusiwi kukimbia marathoni kwenye mashindano ya dunia. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio akiwa na miaka 24, akapata shaba ya dunia London 2017, na dhahabu ya dunia ikaja Tokyo Septemba 2025, akiwa na miaka 33, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Soka la watoto halina mpaka wa namna hiyo.

Madaktari wa michezo hupendekeza saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto, na walau siku moja ya mapumziko. Kijana wa miaka 15 asizidishe saa 15, za timu zote kwa pamoja. Kwa maoni yangu kazi ya kuzihesabu ni ya mwalimu wa michezo: daftari moja, na simu kwa kocha wa ndondo.

Maumivu ya usiku, au yale ambayo kijana huyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa, si ya kuchuliwa dawa. Apelekwe hospitali. Eksirei ya kwanza inaweza isionyeshe ufa mpaka wiki mbili tatu zipite, kwa hiyo hata aliyeambiwa hana kitu akae nje, kisha arudi kupigwa nyingine.