ZULU WA HAWAII: MPELELEZI WA KWENYE TELEVISHENI

Wahenga walinena kwamba hasira ni hasara. Maisha ya Bwana Gilbert Kauhi, mwimbaji, mchekeshaji na mchezaji wa televisheni aliyejulikana kwa jina la Zulu, ni ushahidi wa neno hilo. Lakini yaonyesha pia kwamba mwenye ujuzi zaidi ya mmoja hakosi pa kushika.

Bwana Kauhi alizaliwa tarehe 17 Oktoba, 1937, mjini Hilo, katika kisiwa kilicho kikubwa kuliko vyote vya Hawaii, huko bahari ya Pasifiki. Jina la Zulu lisimpoteze msomaji: hakuwa Mzulu wa Afrika ya Kusini, bali mwenyeji wa visiwa hivyo. Ujanani alifanya kazi ufukoni Waikiki, jijini Honolulu. Vijana wa ufuko huo huwafunza wageni kusimama juu ya ubao na kupanda mawimbi, huwapakia katika ngalawa, na huwaburudisha kwa nyimbo na mizaha. Chuo cha namna hiyo hakitoi cheti, lakini humfunza mtu kuzoeana na kila aina ya watu.

KIKOSI CHA FIVE-O

Mwezi Septemba, 1968, shirika la CBS la Marekani lilianza kuonyesha mchezo wa Hawaii Five-O. Jina hilo latokana na Hawaii kuwa jimbo la 50 la Marekani tangu mwaka 1959. Mchezo ulihusu kikosi cha wapelelezi chini ya Steve McGarrett, aliyeigizwa na Jack Lord. Zulu aliigiza Kono Kalakaua, mpelelezi mwenye mwili mkubwa na uso wa bashasha. Kando yake alikuwamo Kam Fong, ambaye hakuhitaji kufundishwa kazi ya polisi, kwa kuwa alikwisha kuitumikia polisi ya Honolulu miaka mingi.

Wenyeji hao wawili waliupa mchezo ladha ya visiwani. Hata hivyo, amri zilitoka kwa McGarrett, na maneno mengi yalikuwa yake. Kazi ya Kono ilikuwa kutii na kutenda.

NENO LIKITOKA

Mwaka 1972, baada ya misimu minne, Zulu aligombana na afisa wa uenezi wa mchezo huo, akamtolea matusi, naye akaachishwa kazi. Mahali pake pakashikwa na Al Harrington, mzaliwa wa Samoa aliyepata kuwa mwalimu. Mchezo uliendelea hadi 1980 bila Kono. Kila askari ajua kwamba risasi ikitoka mtutuni hairudi. Na neno ni vivyo hivyo.

Zulu hakukaa akijililia. Alirejea kwenye kazi yake ya awali, akaimba na kuchekesha katika kumbi za Waikiki. Alifariki mjini Hilo alikozaliwa, tarehe 3 Mei, 2004, kwa madhara ya ugonjwa wa kisukari, akiwa na umri wa miaka 66.

Mchezo huo ulipotengenezwa upya mwaka 2010, Kono Kalakaua alirudi akiwa askari wa kike, akiigizwa na Grace Park. Zulu aliishika nafasi hiyo miaka minne tu, aliipoteza kwa ulimi, lakini jina alilolijenga halikufutika.